Je, Kazi ya Maktaba Nayo Husomewa?

Mama mmoja wa Milepa, kule bondeni upande wa Ziwa Rukwa, alinieleza jambo ambalo huenda nawe, msomaji mpenzi, limekufika. Binti yake amemaliza kidato cha nne. Alipokuwa shuleni, ufunguo wa chumba cha vitabu ulikaa kwa mwalimu mwenye vipindi vingi, basi binti akawa anamsaidia kupanga vitabu na kuandika majina ya walioazima. Sasa anataka kuisomea kazi hiyo. Baba yake alicheka: "Kufuta vumbi nako kunasomewa?" Mama hakucheka. Fedha za mpunga zilikuwa bado ndani, na alitaka kujua ukweli kabla hazijageuka ng'ombe.

"Dada, kazi hii ipo, au nitamtupa mtoto mbali bure?"

Kazi ipo, na anayeifanya huitwa mkutubi. Kufuta vumbi ni sehemu ndogo sana. Mkutubi huchagua vitabu vinavyofaa umri na masomo ya watoto, huviandikisha, na huvipa namba ili kila kimoja kiwe na mahali pake. Maktaba nyingi hufuata mpango wa Mmarekani Melvil Dewey, uliotolewa mwaka 1876: kilimo ni 630, mapishi 641, malezi ya watoto 649. Sisi tunaojua chumvi ilipo hata taa ikizimika, hilo halitushangazi. Kitabu kilichowekwa pasipo pake ni sawa na kilichopotea, hata kama kimo chumbani.

Chuo kinachojulikana zaidi kwa kazi hii ni Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi Nyaraka cha Bagamoyo, kilichoanza mwaka 1989 chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Aliyemaliza kidato cha nne huanza na cheti, na hutakiwa awe amefaulu masomo yasiyopungua manne, yasiyo ya dini. (Hapo wazazi wengi hukosea, wakihesabu na somo la dini.) Kila ngazi huchukua mwaka mmoja, hivyo kufika stashahada ni miaka mitatu. Wa kidato cha sita mwenye alama zinazotakiwa huanzia juu zaidi. Wanaotaka shahada huenda vyuo vikuu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha fani hii.

Kutoka Sumbawanga hadi Bagamoyo ni zaidi ya kilometa elfu moja. Kwa hiyo usiulize ada peke yake. Uliza malazi, chakula na nauli ya likizo. Na kabla ya kutuma hata shilingi moja kwa chuo chochote, hakikisha kimesajiliwa na NACTVET. Wapo watu wanaokula ada za wakulima kwa vyuo visivyo na usajili.

Sasa nikuambie na upande mgumu, maana mama asidanganywe. Shule nyingi za serikali hazina mkutubi aliyesomea. Mwalimu hupewa maktaba kama kazi ya ziada. Nafasi za serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira na hugombewa na wengi. Shule binafsi, zikiwamo za makanisa, huajiri zenyewe. Binti asiifungie macho yake shule tu: vyuo na maktaba za mikoa huhitaji wakutubi, na fani hii ni jirani ya utunzaji kumbukumbu, ambao unahitajika katika masjala za halmashauri na hospitali. Mimi ningempeleka, ila nisingemwahidi ajira mwaka wa kwanza.

Mama yule alinyamaza, kisha akauliza kwa sauti ndogo: "Na mtu aliyeishia darasa la saba?"

Naye ana njia, ingawa ni ndefu. Huanza na Mtihani wa Maarifa, ambao hufanywa na waliokosa sekondari. Akifaulu, husoma na kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, na matokeo hayo humruhusu kuomba chuo kama mwingine yeyote. Vituo vya elimu ya watu wazima huwaandaa wenye nia hiyo, na hakuna anayeulizwa ana watoto wangapi.

Akaniomba nimwandikie maneno hayo kwenye karatasi mbili, moja ya binti na moja yake.