Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Mapumziko Katika Vilima vya Kisii na Nyamira

Watu wa mjini wapatapo siku chache za mapumziko, wengi hufikiri habari za pwani au za mbuga za wanyama. Safari hizo ni njema, lakini katika Kenya zipo pia sehemu nzuri zisizo na lango wala bawabu, nazo ni vijiji vya watu. Miongoni mwa vijiji hivyo, vile vya vilima vya Kisii na Nyamira vyastahili sifa kubwa. Msafiri atokaye Nairobi kwa njia ya Narok na Bomet hupita Sotik, kisha hufika Keroka, mji ulio mpakani mwa kaunti hizo mbili. Kutoka hapo barabara hupanda na kushuka mpaka mji wa Kisii, ulio juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,700 hivi.

Jambo la kwanza atakaloona mgeni ni kwamba nchi hii ni ya kijani karibu mwaka mzima. Mvua hunyesha sana, na udongo una rutuba. Migomba huizunguka kila nyumba, mahindi husimama karibu na chai, na mboga hupandwa hata ukingoni mwa njia. Lakini asidhani kwamba uzuri huu umejiotea wenyewe kama msitu. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1969 nchi hii yote ilikuwa wilaya moja. Nyamira ilitengwa baadaye, katika miaka ya 1980. Hesabu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Kaunti ya Kisii peke yake ina watu zaidi ya 1,260,000, yaani zaidi ya 900 katika kila kilomita moja ya mraba. Baba hugawia wanawe shamba, nao huwagawia wana wao, hata kipande kikawa chembamba sana. Basi kila hatua ya ardhi hulimwa kwa uangalifu, na hayo ndiyo mandhari ambayo mgeni huyasifu.

Mahali pazuri pa kuanzia matembezi ni ukingo wa Manga, ule mwamba mrefu ulioinuka kati ya Kisii na Nyamira. Yafaa kupanda asubuhi, kabla ya mvua ya alasiri. Siku isiyo na mawingu jicho hufika mbali mpaka Ghuba ya Winam katika Ziwa Victoria. Wazee wa Abagusii husimulia kwamba babu zao walipitia nyanda za Kano, wakakaa Kabianga ambako baridi iliwaharibia mimea, na baada ya tabu nyingi wakafika katika vilima hivi. Mtu asimamapo Manga na kutazama mashamba yaliyo chini huelewa kwa nini hawakutaka kuhama tena.

Upande wa Nyamira chai ndiyo iliyotawala. Huko Kebirigo na Nyansiongo mgeni atawaona wachumaji wakiwa na vikapu mgongoni, wakichuma majani mawili na chipukizi lake, nao hawalegezi mikono hata wanapozungumza. Mashamba mengi ni madogo, ya jamaa moja moja. Majani hupimwa katika kituo, kisha hupelekwa kiwandani siku ile ile, kwa maana yakichelewa huharibika. Wakulima wa nchi hii hawakuanza jana kulima mazao ya kuuza: katika miaka ya 1930 Kisii ilikuwa miongoni mwa wilaya za kwanza za Kenya ambako Waafrika waliruhusiwa kupanda kahawa, wakati ambapo zao hilo lilikuwa karibu lote mikononi mwa walowezi.

Hata hivyo, mtu asirudi nyumbani kabla ya kufika Tabaka. Kijiji hiki kiko kusini-magharibi ya mji wa Kisii, katika nchi ya Mugirango Kusini, na jina lake limefika ng'ambo kwa sababu ya jiwe lake laini, ambalo wafanyabiashara huliita jiwe la Kisii. Liko jeupe, liko la rangi ya waridi, na liko la kijivu. Mwanamume hushuka shimoni na sururu na mtaimbo, akalibandua jiwe. Wengine hulikata kwa msumeno, na mchongaji hulitengeneza kwa panga na kisu. Jiwe lenye maji hukatika kwa urahisi kuliko jiwe kavu. Kisha wanawake hukaa na beseni za maji, wakalisugua kwa msasa mpaka likawa laini kama ngozi ya mtoto. Mwishoni hupakwa nta likang'aa. Hutoka hapo mabakuli, vifaru, tembo, sahani na vipande vya sataranji. Elkana Ong'esa, mzaliwa wa Tabaka, aliufikisha ufundi huo mbali sana, na sanamu yake ya ndege wa amani imesimama katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris.

Hapa ndipo panapo neno ambalo kila mgeni hana budi kulifikiri. Kazi hii ina hatari na faida yake ni ndogo kwa wale wanaoifanya. Mashimo huchimbwa kwa kina, na wakati wa masika hujaa maji na kingo zake huweza kuporomoka. Vumbi la jiwe kavu huingia kifuani. Sanamu ikitoka kijijini hupita kwa dalali, kwa mwenye duka, na kwa msafirishaji, na kila mmoja hujitwalia fungu lake. Yule aliyechimba, yule aliyechonga na yule aliyesugua hubaki na kilicho kidogo kabisa. Tena jiwe si kama chai. Chai ikichumwa huchipuka tena, bali jiwe likitolewa haliwezi kurudi, na shamba lililochimbwa shimo halilimiki kwa urahisi.

Ndiyo maana twasema kwamba mgeni atembeleaye vijiji hivi ana kazi ya kufanya, ingawa amekuja kupumzika. Kwanza, anunue pale pale kazi inapofanyika, na aulize ni nani aliyechonga na ni nani aliyesugua. Kuomba bei ipungue si kosa, ni desturi ya soko. Lakini kumbana mtu mpaka auze kwa hasara kwa sababu watoto wake wana njaa si ujanja. Pili, asiingie mashimoni bila mwenyeji wa kumwongoza. Tatu, akipata nyumba ya kulala kijijini, asikimbilie mjini jioni. Fedha ya chakula na malazi iachwayo kijijini ni msaada kwa kijana ambaye hana tena shamba la kurithi.

Wenyeji nao ni watu wa heshima na hupenda kuamkiwa. Mzee huitwa omogaka, na mama mtu mzima huitwa omong'ina. Mgeni akiyajua maneno hayo mawili tu atakaribishwa kwa furaha. Asipige picha za watu kabla ya kuomba ruhusa. Akikaribishwa chakula, asikikatae: huenda akapewa ugali wa wimbi, mboga ya chinsaga, ambayo pwani huitwa mgagani, na maziwa mala yaliyogandishwa katika kibuyu. Akibahatika, atasikia obokano, kile kinanda kikubwa cha nyuzi nane, ambacho sauti yake nzito husikika kama ngurumo ya mbali.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wengi wetu twaichukua methali hii kuwa ni maneno ya karibu tu, lakini yafaa kuisikiliza vizuri: haikusema mgeni njoo ufurahi, ilisema mwenyeji apone. Katika vilima hivi mambo hayo mawili huweza kwenda pamoja. Mtu atapumua hewa safi, ataona Manga na Tabaka, na atarudi na sanamu iliyofungwa ndani ya majani makavu ya migomba. Kama amelipa bei ya haki, yule aliyeichonga atakuwa na ada ya shule ya mtoto wake, na mtoto huyo ataweza kuchagua mwenyewe, akiwa mkubwa, kama atashika panga la mchongaji au kalamu.