Usipoziba Ufa: Jinsi ya Kulinda Kompyuta ya Nyumbani

Katika nyumba nyingi, kompyuta moja hutumiwa na familia nzima. Mzazi hujazia hapo fomu za ushuru kwenye iTax, mwanafunzi huandika kazi ya shule, na mwenye duka huweka humo hesabu za wateja. Kompyuta hiyo ikiingiliwa na wahalifu wa mtandaoni, hasara haiishii kwa mashine. Hati na picha hupotea, na wakati mwingine pesa pia.

Wengi hudhani wadukuzi hulenga mabenki na mashirika makubwa pekee. Lakini programu hasidi nyingi hazimchagui mtu. Huzunguka mtandaoni zikitafuta kompyuta yoyote yenye kasoro. Mnamo 12 Mei 2017, programu iliyoitwa WannaCry ilifunga faili katika kompyuta zaidi ya 200,000 duniani, zikiwemo za hospitali za Uingereza, na kudai malipo ili zifunguliwe. Kampuni ya Microsoft ilikuwa imetoa sasisho la kuziba kasoro hiyo tangu Machi mwaka huo. Waliolisakinisha mapema walikuwa wameziba mwanya huo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sasisha kompyuta

Hatua ya kwanza, basi, ni kuruhusu kompyuta ijisasishe yenyewe. Ujumbe wa kuomba kompyuta izimwe na kuwashwa upya usiahirishwe kila siku. Kivinjari cha intaneti nacho kisasishwe.

Wenye kompyuta zinazotumia Windows 10 wana jambo la ziada la kuzingatia. Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa mfumo huo tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta hizo bado huwaka na kufanya kazi kama kawaida, lakini kasoro mpya zikigunduliwa hazizibwi, isipokuwa kwa waliojiandikisha katika mpango wa masasisho ya ziada. Kompyuta yenye uwezo wa kutosha inaweza kuhamishiwa Windows 11 bila malipo. Ile isiyoweza inaweza kuwekewa mfumo wa bure kama Ubuntu, ambao unatosha kwa intaneti, barua pepe na uandishi. Anayenunua kompyuta iliyotumika amuulize muuzaji ina mfumo gani, na kama bado unasasishwa, kabla ya kutoa pesa.

Jihadhari na programu za wizi

Programu ambazo hufunguliwa bila leseni huonekana kuwa za bei nafuu, lakini ni njia rahisi ya kuingiza virusi nyumbani. Mara nyingi anayezisakinisha huambiwa azime kwanza kinga ya kompyuta. Hilo pekee latosha kuwa onyo. Windows huja na kinga yake, Microsoft Defender, isiyohitaji malipo. Iachwe ikiwa imewashwa, na flashi iliyotumiwa saiba ikaguliwe nayo kabla ya kufunguliwa.

Ni vyema pia watoto wawe na akaunti yao ya kawaida kwenye kompyuta, isiyo na mamlaka ya kusakinisha programu. Mtoto akibofya asichokijua, madhara hupungua.

Soma anwani kabla ya kuandika nenosiri

Mitego mingi hufika kwa barua pepe au ujumbe: akaunti yako itafungwa, una marejesho ya ushuru, bofya hapa haraka. Haraka hiyo ndiyo silaha ya tapeli. Hakuna benki wala ofisi ya serikali inayohitaji kuambiwa nenosiri la mwananchi.

Badala ya kubofya kiungo, mtumiaji aandike anwani mwenyewe. Anwani ya iTax ni itax.kra.go.ke, na ya eCitizen ni ecitizen.go.ke. Cha kuangaliwa ni mwisho wa jina, kabla ya alama ya mkwaju (/) inayolifuata. Tapeli anaweza kutia neno "kra" mwanzoni mwa anwani yake, lakini mwisho utakuwa mwingine. Alama ya kufuli nayo huonyesha tu kwamba mawasiliano hayasomwi njiani. Haithibitishi kwamba mwenye tovuti ni mwaminifu.

Kila akaunti muhimu iwe na nenosiri lake, refu na lisilokisiwa kwa urahisi. La barua pepe lilindwe zaidi, kwa kuwa anayeiteka barua pepe anaweza kubadilisha manenosiri ya akaunti nyingine. Uthibitishaji wa hatua mbili uwashwe popote unapopatikana.

Weka nakala

Hakuna kinga isiyoweza kupenywa. Kwa hiyo hati muhimu zinakiliwe kwenye diski ya nje angalau mara moja kwa wiki, kisha diski hiyo ichomolewe na kuwekwa kando. Ikiachwa imechomekwa, programu inayofunga faili huifunga pia. Mwenye nakala salama hana haja ya kumlipa mhalifu ili apate hati zake.

Ukishambuliwa

Tenganisha kompyuta na intaneti mara moja. Tumia kifaa kingine kilicho salama kubadilisha manenosiri, ukianza na barua pepe, na uiarifu benki yako au kampuni ya simu ikiwa pesa ziko hatarini. Usilipe fidia, kwani kulipa hakuhakikishi kwamba faili zitarudishwa. Piga picha ujumbe uliotokea kwenye skrini kabla ya fundi kufuta chochote, maana huo ni ushahidi.

Kisha piga ripoti katika kituo cha polisi kilicho karibu. Matukio ya mtandaoni hupokelewa pia na kituo cha kitaifa cha KE-CIRT/CC, kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018, kuingilia kompyuta ya mtu bila idhini ni kosa ambalo adhabu yake yaweza kufika faini ya shilingi milioni 5, kifungo cha miaka 3, au vyote viwili. Aliyeibiwa mtandaoni ana haki ya kusikilizwa kama aliyevunjiwa nyumba, na asione aibu kuripoti.