Breki za Gari Kuukuu, Sehemu ya Tatu: Diski Iliyolika na Kutu Iliyo Nyuma Yake

Ijumaa iliyopita tuliishia kwenye mafuta ya breki, tukaona jinsi yanavyonyonya unyevu wa hewa na kupoteza nguvu zake. Leo tushuke hadi kwenye gurudumu lenyewe, mahali ambapo mwendo wa gari hugeuzwa kuwa moto, maana kazi ya breki, msomaji, si nyingine ila hiyo. Aliyepata kuteremka kutoka Lushoto hadi Mombo katika gari lililojaa watu anaijua harufu ninayoitaja. Mteremko ule hushuka mita 900 hivi, na gari la kilo 1,300 pamoja na abiria wake, likizuiwa mwendo kona baada ya kona mpaka bondeni, hutoa joto ambalo lau lingekusanywa lote lingetosha kuchemsha karibu madebe mawili ya maji ya kisima. Baadhi ya joto hilo huchukuliwa na injini iwapo dereva ametia gia ndogo, na baadhi huenda na upepo. Lakini kwa dereva aliyezoea kuegemeza mguu juu ya pedali tangu juu hadi chini, sehemu iliyo kubwa huishia katika visahani viwili vya chuma cha kusubu vilivyo nyuma ya magurudumu ya mbele, navyo ndivyo mafundi wetu waviitavyo diski.

Diski si uvumbuzi wa jana. Mwingereza Frederick Lanchester aliipatia hati ya uvumbuzi mwaka 1902 huko Birmingham, ila vibao vyake vya shaba vilipiga kelele isiyovumilika, na fikira yake ikakaa pembeni kwa miaka mingi, mpaka Jaguar yenye diski za Dunlop iliposhinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans mwaka 1953, ikiendeshwa na Tony Rolt na Duncan Hamilton. Tangu hapo hata magari ya watu wa kawaida yakaanza kuzipata.

Diski hufa kwa njia mbili, na ya kwanza ni dhahiri: hulika. Diski ya mbele ya Corolla yangu, gari la mwaka 1996 lililokuja kutoka Japani likiwa limekwisha tumika, ilikuwa na unene wa milimita 22 ilipokuwa mpya, na pembeni mwake pamechorwa kipimo cha mwisho, milimita 20, ambacho ikishuka chini yake haifai tena, kwa kuwa chuma chembamba hupata moto upesi na huweza kupasuka. Hadhari moja tu: usiupime ukingo wa nje, kwa sababu pedi haziufikii, nao hubaki mnene kama ulivyozaliwa, pima pale panapong'aa, na upime mahali pengi kwa kuizunguka duara yote.

Njia ya pili ni ya siri, nayo ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu. Hapa Tanga, gari likilala siku tatu tu karibu na bahari wakati wa masika, uso wa diski huvaa wekundu kama uliopakwa hina. Wekundu huo usikutishe, kwani breki mbili tatu za kwanza huufuta. Kutu yenye madhara ni ile usiyoiona, iliyojificha baina ya mgongo wa diski na habu inayoibeba.

Miaka kadhaa iliyopita nilimpelekea fundi mmoja gari hilo, akanifungia diski mpya kwa muda wa nusu saa, nami nikamsifu kwa wepesi wake. Haikupita miezi mitatu ila usukani ukaanza kutetemeka kila nikanyagapo breki katika mwendo wa 80. "Diski zimepinda, Maalim," akaniambia. "Mali ya siku hizi haina uzima. Nunua nyingine." Nikanunua; nazo, kwa kauli yake, zikapinda kama dada zao. Hatimaye nilimwendea mzee mmoja ambaye karakana yake ni kivuli cha mwembe, akaichomoa diski, akapitisha kidole juu ya habu, kisha akanionyesha kidole hicho, cheusi kwa vumbi la kutu. "Mkeka mpya, Maalim, umetandikwa juu ya sakafu isiyofagiwa," akasema, wala hakuongeza neno.

Maana yake ni hii. Aghalabu diski inayodaiwa kupinda kwa moto haikupinda hata kidogo. Gamba la kutu lililobaki juu ya habu huifanya diski ikae upande, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, na kila izungukapo hugusa pedi mahali pale pale, hata kama dereva hakukanyaga kitu. Ikisha kwenda maelfu ya kilomita, mahali hapo huwa pamelika kuliko penginepo, na unene wa diski hauwi sawa tena. Ndipo breki inapokanyagwa pistoni husukumwa mbele na nyuma, mara 12 hivi kwa kila sekunde katika mwendo ule wa 80, na mikono ya dereva huupokea mtikisiko huo. Kuyumba kunakoruhusiwa katika gari kama langu ni milimita 0.05, nao ni unene usiofika ukurasa wa gazeti hili ulioushika mkononi. Fauka ya hayo, gamba lenye unene huo likikaa karibu na ukingo wa habu, huko nje kwenye ukingo wa diski kuyumba huwa karibu mara mbili yake. Yule fundi wangu mwepesi, basi, hakuniuzia diski mbovu. Aliokoa dakika 20 za kusugua, gharama yake nikailipa mimi mara mbili.

Sasa kazi yenyewe. Legeza nati za tairi gari lingali chini, tia kabari nyuma ya magurudumu ya nyuma, kisha liinue kwa jeki na uliketishe juu ya stendi imara. Jeki ni ya kuinulia, si ya kutegemea, na matofali ya saruji, ambayo nimeyaona sana mitaani, hupasuka bila ya kutoa taarifa. Ukisha kulitoa tairi utaliona koleo liibanalo diski, ambalo mafundi huliita kalipa: fungua bolti zake mbili, uitoe, uitundike kwa waya kwenye springi, wala usiiache ikaning'inia kwa mpira wake wa breki, maana mpira huo huumia kwa ndani pasipo kuonekana kwa nje. Vumbi lililo pale usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu. Pedi za zamani zilitiwa asbesto, nayo huua mapafu taratibu, kwa hiyo lifute kwa kitambaa kilicholowa. Nyuma ya kalipa kuna kishikio chake, chenye bolti mbili nzito zaidi, nacho hutoka.

Diski yenyewe huenda ikagoma, maana kutu imekwisha igandisha. Wengi hapa hushika nyundo. Tazama kwanza uso wa diski: katika Toyota nyingi utaona matundu mawili madogo yenye hesi ndani, na watu huyapita miaka na miaka wakidhani ni mapambo. Tia humo bolti mbili za milimita 8, ukaze hii nusu mzunguko, kisha ile nusu mzunguko, kwa zamu. Utasikia mlio mkavu kama wa kifuu kinachopasuka, na diski itakuja mkononi.

Hapa ndipo pa kukaa kitako. Chukua brashi ya waya na msasa, usugue uso wa habu mpaka chuma king'ae, na uzunguke shina la kila stadi, pembeni ambako brashi haifiki vema na ndiko kutu inakojikusanya. Diski mpya huja imepakwa mafuta ya kuizuia isishike kutu dukani: ioshe kwa maji ya moto na sabuni, uikaushe, na tangu hapo usiiguse uso kwa vidole vyenye grisi. Ivishe, uibane kwa nati, na ukiwa na saa ya kupimia, au rafiki mwenye nayo, pima kuyumba kwake kabla ya kurudisha kitu chochote.

Yaliyobaki ni mepesi. Badili pande zote mbili pamoja, na pedi ziwe mpya. Pini za kalipa uzipake grisi ya breki, si ile ya kawaida ambayo huvimbisha mipira. Unapoirudisha pistoni ndani, tazama kikopo cha mafuta ya breki kisifurike, kwa sababu mafuta hayo hula rangi ya gari. Nati za tairi uzikaze kwa kuvuka, si kwa kufuatana. Kabla ya kulitoa gari mahali pake, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, kwani mara ya kwanza itazama mpaka chini, na yeyote atakayelisahau hili atakumbushwa na ukuta wa jirani. Kisha tafuta barabara tupu, upunguze mwendo kutoka 60 hadi 20 mara kumi hivi bila ya kusimama kabisa, ili pedi na diski zizoeane.

Ngoma za nyuma zina kadhia yake, nazo nitazieleza Ijumaa ijayo. Ama zile diski zangu za zamani, kijana wa jirani, mvuvi, alizikuta zimeegemezwa ukutani. "Shikamoo, Maalim. Vyuma hivi huvitaki?" Nikampa, akapitisha kamba katika tundu la katikati, zikawa nanga za mtumbwi wake. Juma lililofuata nilipita ufukoni maji yakiwa yamekupwa, nikaiona moja imelala mchangani, imekwisha kuvaa hina yake.