Somo la Redio kwa Watu Wazima: Kuitambua Ndege ya Vita Katika Picha

Ndugu wanafunzi wa Nyarugusu, na ninyi mnaotusikiliza Kasulu na Kibondo, mmekwisha kujifunza kusoma herufi. Leo tutasoma picha. Picha nayo ina herufi zake, na asiyezijua hudanganywa upesi.

Siku hizi picha hufika katika simu kabla ya habari yenyewe. Mtu huonyeshwa ndege ya vita, na chini yake pameandikwa, "Jana, Fizi." Katika kambi hii, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu waliokimbia vita Kongo, wapo wanaopima moyoni kama warudi kwao au wasirudi. Ikiwa picha ile ni ya nchi nyingine, au ya miaka mingi iliyopita, basi shauri zima limejengwa juu ya uongo.

Tuanze na ziwa letu, Tanganyika. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wabelgiji waliletewa ndege 4 za Kiingereza zilizoitwa Short 827. Zilisafirishwa kwa meli, kwa reli na kwa mto mpaka ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Mwezi wa Juni mwaka ule zilitupa mabomu Kigoma, bandari ya Wajerumani.

Ukipewa picha ya ndege hiyo, utaitambuaje? Kwanza, hesabu mabawa. Utaona mawili, moja juu ya jingine, na la juu ni refu kuliko la chini. Pili, tazama miguu. Haina magurudumu, bali maboya ya kuelea majini. Tatu, tazama pua. Hapa ndipo penye kazi, kwa sababu Short 827 ilikuwa na ndugu yake, Short 830. Umbo ni lile lile, injini ni mbali mbali. Silinda za 827 zimepangwa safu mbili. Za 830 zimepangwa duara, kama spoku za gurudumu la baiskeli. Basi alama moja tu hutenganisha ndugu hawa wawili.

Vifaru navyo ni hivyo hivyo. Katika Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, jeshi la Tanzania lilitumia vifaru vya Type 59 vilivyotengenezwa China. Jeshi la Uganda lilikuwa na vifaru vya T-55 vya Kirusi. Vyote vina magurudumu makubwa 5 kila upande, na pengo kati ya la kwanza na la pili. Lakini juu ya kichwa kinachozunguka cha Type 59 kuna kifuniko kidogo cha duara, mfano wa uyoga, cha kupitishia hewa. T-55 haina. Asiyetazama uyoga huo aweza kukiita kifaru cha rafiki kuwa cha adui.

Tena jihadharini: hata jicho kali laweza kudanganywa. Meli ya Wajerumani, Graf von Götzen, iliyoitwa Liemba tangu 1927, ilikuwa Kigoma wakati ule wa 1916. Mzinga wake mkubwa ulikuwa umeondolewa upelekwe vitani nchi kavu, na mahali pake pakawekwa mzinga wa mti. Kwa mbali ulionekana mzinga kweli.

Kwa hiyo shikeni utaratibu huu. Hesabu kwanza: mabawa, injini, magurudumu. Kisha tafuta alama ndogo. Kisha tazama mahali: milima, miti, nyumba, maandishi ya ukutani. Je, ndivyo palivyo Fizi? Maneno yaliyoandikwa chini ya picha yasomeni mwisho, maana hayo huandikwa na yeyote. Msipopata hakika, semeni, "Sijui," wala msiipeleke picha kwa mwingine. Kuuliza si ujinga.

Maswali ya darasani
1. Short 827 na Short 830 hutofautiana wapi?
2. Kifuniko mfano wa uyoga kiko kwenye kifaru kipi?
3. Kwa nini maneno ya chini ya picha yasomwe mwisho?

Andikeni majibu katika madaftari yenu. Kwaherini mpaka somo lijalo.