Ni Nani Anayekula Bando?

Bando la mwezi limekwisha kwa wiki mbili, na watoto wanaapa kwamba hawakutazama filamu. Jibu limo katika ruta, kile kisanduku kigawacho intaneti nyumbani. Ukurasa wake wa mipangilio huorodhesha kila chombo kilichounganishwa, pamoja na anwani yake ya tarakimu na herufi 12. Sita za mwanzo kwa kawaida hutambulisha kiwanda. Hapo wengi hushtuka bure: jina geni laweza kuwa la runinga yenu wenyewe, na simu nyingi za siku hizi huvaa anwani bandia makusudi ili mwenyewe asifuatiliwe.

Njia ya hakika ni kuzima chombo kimoja kimoja, mkitazama jina lipi linatoweka. Litakalosalia ndilo la kuulizwa, na jirani asisahauliwe.

Si mzaha. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta za majumbani kwa mamia ya maelfu, kwa kujaribu tu maneno ya siri yaliyowekwa viwandani. Oktoba 21 vyombo hivyo viliifurikia kampuni ya Dyn ya Marekani, na Twitter ikawapotea watu wengi kwa saa kadhaa. Wengi wa wenye kamera hawakuwa na habari. Badilini basi neno la siri la kamera kwanza, ndipo la ruta.