Likizo gani inakufaa? Anza na uchovu wako, kisha uliza bahari

Fomu yako ya likizo imesainiwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa siku 28 kwa mwaka, pesa kidogo umeweka, na kwenye simu kuna picha rafiki yako aliyokutumia kutoka Msimbati: mchanga mweupe, minazi, ngalawa, hakuna mtu. Unajiambia, "Na mimi naenda hapo hapo."

Subiri kidogo. Mmoja wetu hapa alikaa wiki sita kwenye pwani hiyo hiyo ya Mtwara akipima mikoko ya maingilio ya Mto Ruvuma kwa ajili ya tasnifu yake. Kila siku bahari, kila siku samaki. Ndugu zake walimwonea wivu. Alirudi hoi, hataki hata kusikia neno "ufukwe".

Kwa hiyo kabla ya kuuliza "niende wapi?", jiulize "nimechoka nini?" Watafiti wa saikolojia ya kazi wamelishughulikia swali hili kwa muda mrefu, na majibu yao yanaweza kukuokolea nauli.

Likizo inafanya nini mwilini na kichwani?

Habari njema: likizo inasaidia kweli. Habari isiyo njema sana: faida yake haidumu. Mwaka 2013 Jessica de Bloom na wenzake walichapisha utafiti wa wafanyakazi 54 wa Uholanzi waliokuwa na likizo ndefu, wastani wa siku 23. Hali yao ya afya na furaha ilipanda haraka, ikafika kileleni kwenye siku ya nane hivi, na walipoanza tena kazi ikarudi ilipokuwa ndani ya wiki ya kwanza.

Mwaka 2010 utafiti mwingine wa huko huko, wa watu 1,530, ulionyesha kwamba wenye safari huwa na furaha kuliko wengine hata kabla ya kuondoka, kwa sababu ya kuisubiri tu. Baada ya kurudi, waliobaki na furaha zaidi ni wale waliosema likizo yao ilikuwa ya utulivu mkubwa.

Ndiyo, Mholanzi mwenye mshahara wake si mwalimu wa Tandahimba. Idadi ya siku tusiichukue kama amri. Lakini mambo mawili yanatufaa: safari iliyojaa pilikapilika inaweza isikuachie kitu, na siku zote 28 si lazima uzitumie kwa mkupuo.

Vitu vinne ambavyo uchovu unadai

Mwaka 2007 Sabine Sonnentag na Charlotte Fritz walieleza mambo manne yanayomrudishia mtu nguvu baada ya kazi. Yasome polepole, uone lipi umelikosa zaidi.

1. *Kujitenga na kazi.* Mwili uko nyumbani na akili nayo imetoka ofisini. Kama unaota ripoti au unafungua kundi la WhatsApp la kazini saa tano usiku, hili ndilo deni lako.
2. *Utulivu.* Mapigo ya moyo yanashuka, misuli inalegea. Anayelidai ni yule anayeshinda amesimama, anayeendesha gari, anayelea watoto.
3. *Kujifunza kitu kipya.* Linashangaza, lakini mtu aliyechoshwa na kazi ya kujirudia hapumziki kwa kulala. Anapumzika akiweza jambo ambalo jana hakuliweza.
4. *Kujiamulia.* Wewe ndiye unayepanga muda wa kula, wa kulala, wa kutoka. Anayepangiwa kila kitu mwaka mzima analihitaji hili kuliko hoteli.

Sasa yule mwenzetu wa mikoko: utulivu hakuwa nao, kazi alikuwa nayo kichwani, na ratiba yake ilipangwa na maji kupwa na kujaa. Alijifunza mengi, lakini hilo ndilo pekee ambalo hakuwa na njaa nalo.

Tuweke Mtwara kwenye mizani

*Unadaiwa kujitenga na utulivu?* Msimbati na Ruvula ndiko kwako. Huko ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, yenye eneo la kilomita za mraba 650 hivi, bahari, visiwa, mikoko na vijiji pamoja. Lipa kiingilio, chukua risiti. Waage watu wa kazini kabla hujaondoka na uwaambie nani atashika nafasi yako, maana ukienda na kazi kwenye simu utakuwa umehamisha ofisi tu.

*Unadaiwa kujifunza?* Mikindani, kilomita kumi hivi kutoka Mtwara mjini, ina kitabu kizima mitaani: nyumba za mawe, Boma la Wajerumani la 1895, na bandari ambayo Livingstone aliipitia mwaka 1866 akianza safari yake ya mwisho. Ghuba yake imezungukwa na nchi kavu, hivyo maji yake ni matulivu kuliko bahari ya wazi, pazuri pa kuanzia kujifunza kuogelea ukiwa na mtu anayejua. Au panda Newala, kwenye uwanda wa Makonde, usimame Shimo la Mungu uangalie bonde la Ruvuma kwa chini. Ukimpata mchongaji wa vinyago, omba kukaa naye nusu siku. Mpingo ni mgumu, utatoka jasho, na kichwa kitakuwa chepesi.

*Unadaiwa kujiamulia?* Hapa tuseme ukweli. Wengi wetu tukisema likizo tunamaanisha kwenda nyumbani, na nyumbani wanakungoja: ada ya mtoto wa kaka, kikao cha harusi, paa la bibi. Wahenga walishasema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hatukwambii usiende, kwani kuwaona wazee ni haki yao na ni furaha yako pia. Tunachosema ni kwamba ziara hiyo na mapumziko ni vitu viwili, kila kimoja kitafutie siku zake. Hata siku tatu za gesti mjini kabla ya kufika kijijini, bila kumtangazia mtu, zinatosha kukufikisha kwa bibi ukiwa na uso wa kucheka.

Sasa uliza bahari

Ukishajua unachotaka, angalia kalenda. Pwani ya kusini ina msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, wakati upepo wa kaskazi unaleta joto. Kusi huvuma kuanzia katikati ya mwaka. Hali ni ya ubaridi na ukavu, ila bahari inaweza kuchafuka. Kati ya Julai na Oktoba nyangumi wenye nundu hupita pwani hii wakitoka maji baridi ya kusini kuja kuzaa.

Kisha angalia mwezi. Mwezi mchanga na mwezi mpevu, jua na mwezi huvuta bahari kwenye mstari mmoja, tunapata bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana. Siku hizo kwenye pwani yetu maji hupwa kabisa karibu saa nne au saa tano asubuhi. Ni wakati wa kutembea kwenye miamba na kuwaona kina mama wakitafuta pweza, lakini kuogelea utaambulia maji ya magotini. Kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi, kwa hiyo baada ya wiki moja, wakati wa maji mafu, saa hizo hizo bahari imejaa na mkondo umepungua. Mwenye siku nne tu za ufukweni na hamu ya kuogelea azipange wiki ya maji mafu.

Mambo mawili usiyapuuze. Kwanza, maji yanapotoka ghubani wakati wa bamvua, mkondo una nguvu. Usiingie kabla hujamuuliza mvuvi wa pale. Pili, tangu 2017 kuna mapigano Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma. Kabla ya kusogea mtoni au mpakani, pita ofisi ya kijiji au ya hifadhi na ufuate watakachosema.

Na ukiwa majini, usikanyage matumbawe. Mkondo mkubwa wa Bahari ya Hindi unagota pwani karibu na hapa, kisha unaelekea kaskazini ukibeba vichanga vya samaki na matumbawe. Unachokivunja Mtwara kinaweza kukosekana mbali zaidi.

Fanya hivi leo usiku

Chukua karatasi. Andika yale mambo manne, kila moja ulipe alama kutoka moja hadi tano kwa mwezi uliopita. Lenye alama ndogo ndilo likuchagulie likizo. Ukigundua unachodaiwa ni usingizi na simu iliyozimwa, huenda nauli ya Mtwara haihitajiki mwaka huu. Weka pesa, gawa siku zako mara mbili, na Msimbati uisubiri. Kumbuka, hata kusubiri kwenyewe kuna raha yake.