Kodi ya matumizi kwa silaha zilizonunuliwa nje ya jimbo (Marekani)

Kodi ya matumizi ni kodi inayotozwa na majimbo mengi ya Marekani kwa bidhaa iliyonunuliwa bila kulipiwa kodi ya mauzo ya jimbo husika, kisha ikaletwa kutumiwa ndani ya jimbo hilo. Inahusu bidhaa za aina nyingi, kama vile samani, kompyuta na vito. Kwa silaha za moto, yaani bunduki na bastola, kodi hiyo ina sura ya pekee, kwa sababu sheria ya shirikisho inataka silaha nyingi zinazonunuliwa jimbo lingine zipitie kwa mfanyabiashara mwenye leseni katika jimbo la mnunuzi.

Msingi wake

Marekani haina kodi ya mauzo ya kitaifa. Katika hilo inatofautiana na nchi kama Kenya, ambako Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT) ni ya taifa zima, na mnunuzi wa Mombasa hutozwa kiwango kilekile cha Kisumu. Nchini Marekani kila jimbo hujipangia. Majimbo 45 hutoza kodi ya mauzo. Alaska, Delaware, Montana, New Hampshire na Oregon hayatozi katika ngazi ya jimbo. Kaunti na miji mingi huongeza asilimia yake juu ya ile ya jimbo.

Kama kungekuwa na kodi ya mauzo peke yake, wakazi wa mpakani wangevuka kwenda kununua kwa jirani asiyetoza kodi, na maduka ya kwao yangekosa wateja. Kodi ya matumizi iliwekwa kuziba pengo hilo. Kwa kawaida kiwango chake ni sawa na cha kodi ya mauzo ya mahali bidhaa inapotumiwa.

Historia

Jimbo la Washington lilianza kutoza kodi ya matumizi mwaka 1935, kwa kiwango cha asilimia 2. Makandarasi waliokuwa wakijenga bwawa la Grand Coulee katika mto Columbia walipinga kutozwa kwa mitambo waliyoinunua nje ya jimbo. Mwaka 1937 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kodi hiyo ni halali, kwa kuwa inamtwisha mgeni na mwenyeji mzigo ulio sawa.

Tatizo lililobaki lilikuwa ukusanyaji. Katika hukumu za mwaka 1967 na 1992, Mahakama hiyo ilisema jimbo haliwezi kumlazimisha muuzaji asiye na duka, ghala au wafanyakazi ndani yake kulikusanyia kodi. Mnunuzi aliachwa ajitangaze mwenyewe, na wengi hawakufanya hivyo. Msimamo huo ulibatilishwa tarehe 21 Juni 2018 katika kesi ya South Dakota dhidi ya Wayfair. Tangu hapo majimbo yameweza kuwataka wauzaji wa mbali wenye mauzo makubwa wakusanye kodi. Wauzaji wadogo wanaobaki chini ya kiwango cha mauzo kilichowekwa na jimbo bado hawalazimiki.

Utaratibu wa silaha

Kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya mwaka 1968, mtu asiye na leseni kwa kawaida haruhusiwi kuagiza bunduki kutoka jimbo lingine ikafika moja kwa moja nyumbani kwake. Muuzaji huituma kwa mfanyabiashara mwenye leseni ya shirikisho katika jimbo la mnunuzi. Huko mnunuzi hujaza fomu namba 4473, huchunguzwa kama ana kizuizi cha kisheria, kisha hukabidhiwa silaha. Bunduki ndefu inaweza kununuliwa papo kwa papo katika duka lenye leseni la jimbo lingine, mradi sheria za majimbo yote mawili zifuatwe. Bastola haina ruhusa hiyo.

Fomu namba 4473 haina sehemu ya kuandika bei wala kodi. Hivyo mtu anaweza kuwa ametimiza masharti yote ya kukabidhiwa silaha na bado akadaiwa kodi. Kama muuzaji wa nje hakuikusanya, deni kwa kawaida ni la mnunuzi. Baadhi ya majimbo huhusisha pia duka linalokabidhi. Huko California, duka linalomkabidhi mteja bunduki kwa niaba ya muuzaji wa nje asiyefanya biashara jimboni humo huhesabiwa kuwa ndilo muuzaji, na hudaiwa kodi.

Mfano wa hesabu

Mkazi wa Washington ananunua bunduki ya kuwindia kwa dola 800, na anaishi mahali ambapo kiwango cha jimbo na cha mji kwa pamoja ni asilimia 9.

- Akiinunua Oregon, ambako hakuna kodi ya mauzo, anadaiwa dola 72.
- Akiinunua dukani Idaho, atalipa huko asilimia 6, yaani dola 48. Kiasi hicho hutolewa katika deni lake, na hubaki dola 24.

Kwa sababu hiyo risiti inayoonyesha kodi iliyolipwa inapaswa kutunzwa. Katika majimbo kama California, kodi ya matumizi inaweza kulipwa pamoja na ritani ya kodi ya mapato. Washington haitozi kodi ya mapato ya mishahara, hivyo mnunuzi hujaza fomu ya pekee.

Mambo yanayochanganywa

Ada ambayo duka hutoza kwa kazi ya kupokea na kukabidhi silaha si kodi ya matumizi. Vilevile kuna ushuru wa bidhaa wa shirikisho, asilimia 10 kwa bastola na 11 kwa bunduki ndefu na risasi, ambao hulipwa na mtengenezaji au mwagizaji na kwa kawaida huwa umeshaingia katika bei. Kuulipa hakuondoi kodi ya jimbo. California iliongeza ushuru wake wa asilimia 11 kuanzia tarehe 1 Julai 2024, nao hutozwa wauzaji wa silaha na risasi.

Mauzo kati ya watu binafsi hufuata kanuni tofauti. Washington, kwa mfano, imeyasamehe kodi pale ambapo wote wawili hawana leseni na wametimiza masharti ya uchunguzi wa mnunuzi.